Faili la mjomba na mkoba wa barua wa Kwihara

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kunitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo nipo. UE zimeisha Ijumaa iliyopita, matokeo yatatoka yakipenda, na sapu kama ipo itajileta yenyewe. Nilikaa kimya kwa sababu tulikuwa na mgonjwa nyumbani. Kila nikitaka kuandika najikuta nina hasira, na nilijiwekea sheria zamani kwamba hapa siandiki nikiwa na hasira. Leo imepungua. Haijaisha, ila naweza kuandika.

Kwa wageni wa ukumbi huu: mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, chuo kipo hapa hapa Tabora mjini. Nyumbani ni Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji. Jumamosi nikikosa nauli ya bodaboda natembea kwa miguu, napita kwenye miembe, nafika kwa bibi nakuta michembe sufuriani. Kwa hiyo nikisema "nyumbani" msidhani ni mbali. Nikipiga kelele sana bibi anasikia.

Sasa habari yenyewe. Mjomba wangu ana kisukari. Miaka mingi alifanya kazi mkoa mwingine, na huko huko ndiko alikokuwa akitibiwa. Miaka minne iliyopita walimpa septrini, mwili ukaikataa. Ngozi ilitoka malengelenge, mdomo ukachubuka wote, akalazwa. Madaktari wa kule walifanya kazi yao vizuri kabisa. Waliandika kwenye kompyuta kwamba huyu mtu asipewe tena dawa yoyote ya jamii ya salfa. Mjomba aliona kwa macho yake ikiandikwa, akaridhika. Si imeingia kwenye kompyuta bwana? Kompyuta haisahau.

Mwaka huu akarudi Kwihara kupumzika. Haukupita mwezi, sukari ikapanda, homa juu, akawa anaongea vitu visivyoeleweka. Akakimbizwa hospitali. Naomba nieleweke: siitaji jina la hospitali hata moja kati ya hizo mbili. Lengo langu siyo kumchongea mtu, na kesho keshokutwa ni mimi nitakayezihitaji. Ila jueni tu kwamba zote mbili zina kompyuta mapokezi na zote mbili zina mtandao. Moja imetandaza nyaya ukutani ndani ya zile plastiki nyeupe, nyingine ina vile visahani vya waifai kwenye dari vinavyowaka kataa ka bluu usiku kucha.

Pamoja na hayo yote, mjomba aliandikishwa kama mgonjwa mpya. Mtu ana kisukari tangu mimi niko shule ya msingi, ati mgonjwa mpya! Wakamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Jamani, mtu hajui hata leo ni siku gani, atakumbuka septrini ya miaka minne? Bibi alikuwepo, lakini bibi hakuwahi kuambiwa. Daktari alikuta maambukizi kwenye njia ya mkojo, akaandika septrini. Kwa kile alichokuwa nacho mbele yake, hata mimi ningeandika.

Siku ya pili ngozi ikaanza. Safari hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Wiki tano wodini. Ametoka hai, Mungu ni mwema, ila jicho la kulia linaona ukungu na gazeti hawezi kusoma tena. Na mjomba alikuwa mtu wa magazeti, akimaliza habari anasoma hadi matangazo ya mnada.

Ndiyo hiyo hasira yangu. Taarifa ilikuwepo, imeandikwa, imehifadhiwa, haijapotea hata kidogo. Imekaa tu mahali ambapo haina msaada.

Niliporudi chuoni nikamsimulia mwenzangu wa chumbani. Yeye anasoma mambo ya kompyuta, na kama mnavyowajua watu wa kompyuta, badala ya kunipa pole akaanza kuchora. Tukatoka tukakaa kwenye kimbweta, akaja na jamaa mwingine wa darasani kwao, na ubishi ukaanza: hospitali ifungiwe mtandao wa waya au usio na waya? Walibishana mpaka saa nane usiku. Mimi nilisikiliza tu, nikaokota yafuatayo.

Mtetezi wa waya alisema hivi. Waya una uhakika. Kompyuta ya maabara ikichomekwa kwenye swichi, njia ile ni yake, hagombanii na mtu. Na anayetaka kuiba lazima aingie ndani ya jengo na atafute pa kuchomeka. Tatizo ni kwamba kebo ya kawaida ya shaba inafika mita 100 tu, na hospitali zetu nyingi hazijajengwa kama ghorofa moja. Ni majengo yaliyotawanyika: wodi ya wazazi hapa, maabara kule, eksirei nyuma ya maabara, katikati ni korido na maua. Ukivusha shaba kutoka jengo hadi jengo, radi ikipiga karibu unaunguza mashine zote mbili za mwisho. Na sisi wa Tabora radi tunazijua. Hapo inatakiwa faiba, maana ile ni kioo, inapitisha mwanga, haibebi umeme wa radi. Bado hujazungumzia panya na mchwa.

Mtetezi wa waifai naye akasema: sawa, lakini mgonjwa hajalala kwenye swichi. Muuguzi anazunguka kitanda hadi kitanda. Kama kompyuta ipo kwenye kona moja ya wodi, muuguzi ataandika kwenye karatasi kwanza, halafu saa sita baadaye ataingiza kwenye kompyuta, akiwa amechoka, namba zimeshachanganyika. Mpe tableti aandike pale pale kitandani. Mwenzake akamjibu: na chumba cha eksirei je? Kuta zake zimewekwa madini ya risasi kuzuia mionzi, na mawimbi ya waifai nayo yanagonga hapo hapo yanarudi. Kuta nene za majengo ya zamani vile vile. Halafu mawimbi hayajui uzio. Mtu amekaa kwa mama ntilie nje ya geti anakula wali maharage, waifai ya wodi anaipata. Kwa hiyo lazima usimbaji wa kueleweka. Ule wa kwanza kabisa, WEP, watafiti walishauvunja tangu 2001. WPA2 ulikuja 2004 na WPA3 mwaka 2018. Lakini kuna faida gani ya WPA3 kama pasiwedi imeandikwa kwa maka peni pembeni ya kalenda ya ukutani?

Mwisho walikubaliana, na mimi naona walikubaliana vizuri. Mashine inayokaa sehemu moja (mapokezi, maabara, famasi, eksirei) ifungiwe waya. Kati ya jengo na jengo ipite faiba. Mtu anayetembea apewe waifai. Na mtandao wa wagonjwa utengwe kabisa na ule ambao wafanyakazi wanaangalia video za bongo fleva. Basi, ubishi umeisha, tukalale.

Ila mimi sikulala. Maana nilijiuliza swali dogo tu: hospitali zile mbili zingefanya yote hayo, kwa fedha zote zinazotakiwa, mjomba asingepewa septrini?

Angepewa. Septrini ile ile.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunabishania kitu cha pili kabla ya cha kwanza. Ndani ya kila hospitali mtandao ulikuwepo. Lakini mitandao ile miwili haisalimiani. Ni kama majirani wawili wenye simu za bei mbaya ambao hawana namba ya mwenzake. Na siyo kwamba nchi haina njia ya kupitishia taarifa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009 na leo upo mpaka huku kwetu. Mifumo ipo pia. Tuna MTUHA tangu miaka ya 1990, kwanza kwa vitabu na sasa takwimu zake zinaingizwa kwenye DHIS2, ambayo ilifika nchi nzima mwaka 2013. Vituo vya serikali vina GoT-HoMIS ya TAMISEMI.

Lakini angalieni DHIS2 inabeba nini. Inabeba idadi. Mwezi huu wagonjwa wa malaria kadhaa, waliojifungua kadhaa, kisukari kadhaa. Hizo namba ni muhimu, bila hizo wizara itapangaje dawa? Siziponzi hata kidogo. Ila mjomba ndani yake ni moja katika safu ya kisukari. Jina halipo, septrini haipo. Taarifa zinapanda kutoka zahanati kwenda wilayani, kwenda mkoani, kwenda wizarani. Ni kama njia yetu ya zamani ya misafara, pembe zilikuwa zinatoka huku bara zinashuka pwani, mzigo una uelekeo mmoja. Mgonjwa yeye hapandi kwenda wizarani. Mgonjwa anakwenda pembeni: hospitali hii leo, ile kesho, mkoa huu, mkoa ule. Na njia ya pembeni ndiyo nyembamba.

Nimetaja misafara, basi ngoja niwakumbushe kitu ambacho sisi watoto wa Kwihara tumekipita tangu utoto bila kukifikiria. Lile tembe la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Tulikuwa tunapelekwa pale na shule, tunasimama mstari, tunaambiwa hapa alikaa Livingstone na Stanley, tunarudi tunakula miwa. Hakuna aliyetuambia habari ya mkoba.

Mwaka 1870, tarehe 1 Novemba, Zanzibar walifunga mkoba wa barua za Livingstone, umeandikwa upelekwe Ujiji. Mwaka uliofuata, 1871, Stanley alipofika hapa Unyanyembe aliukuta mkoba ule bado upo. Barabara ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa, Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa hapa. Stanley mwenyewe alikwama Kwihara kuanzia Juni mpaka Septemba, na hatimaye akazungukia kusini akiwa na mkoba. Mwenyewe alipouona, ulikuwa umeshatimiza mwaka. Na huyu mwenye barua alikuwa mgonjwa. Sanduku lake la dawa lilishaibwa tangu Januari 1867, mpagazi alikimbia nalo. Livingstone alijua ni sawa na kuandikiwa hukumu ya kifo.

Mkoba haukupotea. Haukuibwa. Ulikuwa salama kabisa, umefungwa vizuri, hapa Kwihara. Ila mwenye nao yupo upande wa pili wa barabara iliyofungwa. Niambieni, una tofauti gani na faili la mjomba?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mtandao wa hospitali usipimwe kwa waya au waifai wala kwa wingi wa kompyuta zilizozinduliwa kwa utepe. Upimwe kwa swali moja: mgonjwa akifika mahali ambapo hajulikani, siku ambayo barabara imefungwa, taarifa yake ya kumwokoa iko wapi?

Nasema "siku barabara imefungwa" kwa makusudi, maana kuna watu watanijibu haraka: weka kila kitu kwenye seva moja kubwa, hospitali zote zisome hapo hapo. Wazo zuri. Lakini mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini huko upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Watu mpaka leo wanakumbuka walivyokuwa wanazima na kuwasha simu wakidhani bando limeisha. Na hao wenye fedha nao wameonja. Tarehe 12 Mei 2017 (nayo 12 Mei, sijui siku hii ina nini!) kirusi cha WannaCry kiliingia hospitali za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa kwa sababu mafaili hayafunguki. Walikuwa na mtandao wa nguvu. Na kumbe ni huo huo mtandao uliokisambaza kirusi.

Kwa hiyo kila kituo lazima kiwe na nakala yake kinachoweza kuisoma hata mtandao ukikatika, halafu ukirudi nakala zisalimiane. Siyo ndoto. Kenya walianzia mahali padogo sana, kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana waliweka mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kituo cha vijijini. Walipopima, muda wote wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22 na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Uzoefu wa Eldoret ndio uliozaa OpenMRS mwaka 2004, programu ambayo leo inatumika nchi nyingi na mtu yeyote anaichukua bure. Hawakusubiri waya wa dhahabu.

Na kama mnadhani bila waya ni mambo ya juzi, waulizeni wazee waliofanya kazi hospitali za misheni. Tangu miaka ya 1960 AMREF, wale madaktari wa ndege waliotoka Nairobi, walikuwa na redio za upepo kwenye hospitali za mbali. Daktari wa porini anaeleza hali ya mgonjwa hewani, bingwa anajibu. Hakuna kompyuta hata moja. Leo hii tuna m-mama, namba 115, simu ya bure, iliyozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura simu inapigwa, usafiri unatafutwa, na taarifa inatangulia kule anakopelekwa. Taarifa kwanza, mgonjwa nyuma. Kwa mjomba ilikuwa kinyume: mgonjwa alifika, taarifa haikufika kabisa.

Sasa niseme ninachopendekeza, maana kulalamika tu hata mtoto wa chekechea anaweza.

Kwanza, namba. Sisi walimu tunayo PREM. Mtoto akiandikishwa shule ya msingi anapewa namba na Baraza la Mitihani, akihama Kwihara kwenda Mwanza namba inahama naye, mwalimu wa kule anajua huyu ni nani. Tumeweza kwa mtoto wa darasa la tatu anayehama shule. Tunashindwaje kwa mtu mzima anayehama hospitali? Namba moja, hospitali zote, za serikali, za dini na za binafsi.

Pili, tusianze na faili zima. Watu wakisikia kushirikishana taarifa wanafikiria picha za eksirei, vipimo vya miaka ishirini, na wanaona gharama. Anzeni na ukurasa mmoja: jina, dawa zinazomdhuru, magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia. Huo ukurasa ni mdogo kuliko picha moja ya harusi mnayotumiana kwenye simu. Ujumbe mfupi mmoja wa simu unabeba herufi 160. "Mzio: salfa" ni herufi 11 ukihesabu mpaka nafasi. Jicho la mjomba limepotea kwa kukosa herufi 11. Sisemi siri za wagonjwa zitumwe kwa meseji za wazi, nasema tu mzigo wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba hata mtandao wa kusuasua unaubeba.

Tatu, ijulikane nani amefungua faili. Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu bibi yangu alinipinga na alikuwa na haki. Nilipomwelezea wazo langu alisema, "Mjukuu wangu, unataka ugonjwa wangu ujulikane na kila mwenye kompyuta?" Kwihara ni kijijini. Tunajuana wote. Mtu wa mapokezi anaweza kuwa shemeji wa jirani yako. Mwaka 2018 huko Singapore wezi waliingia kwenye mfumo wa SingHealth wakaondoka na taarifa za watu milioni 1.5, waziri mkuu wao akiwemo. Kama waziri mkuu hakusalimika, bibi yangu atasalimika?

Jibu langu kwa bibi ni kwamba sheria zipo. Ile ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Lakini sheria bila kumbukumbu ya nani alifungua nini na saa ngapi ni sawa na mlango wenye kufuli na funguo zinaning'inia hapo hapo. Kila anayefungua faili la mgonjwa aache jina lake, na mgonjwa awe na haki ya kuuliza na kujibiwa. Na ule ukurasa mmoja uwe wazi kwa daktari wa dharura, mengine yafunguliwe kwa ridhaa ya mwenyewe. Bibi alifikiri, akasema, "Hapo sawa kidogo." Kwa bibi, "sawa kidogo" ni alama A.

Nne, karatasi isidharauliwe. Najua nitachekwa na watu wa kompyuta. Ila wagonjwa wetu wengi wana lile daftari la mazoezi wanaloenda nalo kliniki. Mjomba alikuwa nalo zamani, akaliacha kwa sababu aliambiwa sasa tuna mfumo. Mfumo ukija usimnyang'anye mtu daftari. Mchapishie ukurasa wake aondoke nao mfukoni. Siku umeme umekatika, waya umeliwa na panya na waifai haishiki, mfuko wa shati bado unafanya kazi.

Nimalizie na Kwihara tena. Livingstone alikufa 1873 mbali huko Chitambo, ambako leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili pamoja na maandishi yake, wakapita hapa hapa Kwihara Oktoba mwaka ule. Wazungu waliowakuta wakawashauri wazike hapa, wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Mwili ulipofika London Aprili 1874 watu walijiuliza: tutajuaje kama ni yeye kweli? Sura ilikuwa haitambuliki tena. Alitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Afrika Kusini mwaka 1844. Daktari Fergusson, ambaye aliwahi kuuchunguza mkono ule alipokuwa hai, aliona alama ile akasema ndiye.

Ikatosha kwamba daktari mmoja alikuwa na kumbukumbu ya jeraha moja. Miaka thelathini baadaye ikafanya kazi yake. Mjomba wangu naye alikuwa na kumbukumbu ya jeraha lake, ya miaka minne tu, ndani ya kompyuta nzuri, ndani ya nchi hii hii.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Nimemwandikia kadi kwa mkono, herufi kubwa ili hata kwa jicho moja aisome, nikaipitisha kwenye laminesheni pale stesheni ya mjini: jina, kisukari, HAPEWI SALFA. Ameitia kwenye mfuko wa shati. Akaniambia, "Mpwa wangu, kumbe kazi ya kompyuta umeifanya wewe kwa kalamu." Tukacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa kirefu.

Watu wa kompyuta mliopo hapa, na nyie mnaosoma udaktari na uuguzi, hii ni kazi yenu siyo ya mwalimu. Nisahihisheni nilipokosea. Na wengine wote, leo leo kabla hamjalala waulizeni wazazi wenu nyumbani: kuna dawa gani inawadhuru? Andikeni mahali.

Naomba kuwasilisha. Naenda kufua, maji yametoka.